Hitma ya Adui wa Skuli

Mwaka ulikuwa umepita tangu Mzee Msellem afariki, na jina lake lilikuwa bado likiwagombanisha wazazi wa Mgogoni. Yeye ndiye aliyesema redioni kwamba skuli ni chungu kimoja kinachopikiwa wali, muhogo na pweza kwa pamoja. Kengele ikilia vyote huepuliwa, hata kama pweza bado ni kandambili. Maneno hayo yalifika mpaka Jadida na Madungu, na wapo waliowatoa watoto wao darasani wakawafundisha nyumbani: hesabu kwa pishi za karafuu, jiografia kwa kupotea njia.

Rafiki yake mkubwa, Mzee Suhail, alikuwa na haja moja tu siku ya hitma. Alitaka kurithi baraza la nyumba ya marehemu, pale alipokuwa akifundishia watoto. Lakini jirani mmoja, Hafiz, naye alilitaka aweke magunia yake ya karafuu.

"Hafiz ana magunia, wewe una maneno," mjane, Bi Mwanamize, alimwambia Suhail. "Siku ya hitma simama uzungumze habari za marehemu. Watu wakikusikiliza mpaka mwisho, baraza ni lako. Wakikushinda watu wazima, watoto utawaweza wapi?"

Suhail akajiandaa. Alimsomea ng'ombe wake hotuba nzima, na ng'ombe hakuondoka, ingawa kweli alikuwa amefungwa.

Siku ikafika. Juzuu zikasomwa, dua ikaombwa, na harufu ya pilau ilikuwa imeshatanda Suhail aliposimama. Alichosahau ni kwamba wageni wengi walikuwa wafuasi wa marehemu, na marehemu aliwafundisha wasimsikilize mtu kwa adabu tu.

"Marehemu alizaliwa hapa hapa Mgogoni," alianza. Pandu, mmoja wa wafuasi hao, akainuka.

"Wende wapi, yakhe?"

"Naenda kutazama kuni. Marehemu alisema akili ikichoka, miguu iifuate."

"Hata sijaanza."

"Yangu huchoka mapema."

Mwengine akajinyoosha mkekani. Wawili wakaanza kuzungumza habari za ndama. Hafiz alikuwa akilipima baraza kwa shubiri, huku akinong'ona, "Magunia yatakaa raha mustarehe."

Suhail akaliona baraza likimponyoka. Ukutani paliegemezwa kifuniko cha sufuria kubwa. Akakichukua, akachukua na upawa, akakigonga mpaka kuku wakakimbia.

"Kaeni kwa safu. Pandu, rudi. Hafiz, njoo mbele hapa, wewe msumbufu."

Ajabu, wakakaa. Hafiz, ambaye maisha yake hakuwahi kuingia darasani, alikunja mikono kifuani. Suhail akapata nguvu. Akateua monita wa kila sinia, akatangaza kwamba sinia lenye kelele litapewa pilau mwisho.

"Nani alisema skuli ni chungu kimoja? Nyoosha mkono. Hafiz, simama."

"Marehemu, mwalimu."

"Sahihi. Mpigieni makofi."

Akaendelea hivyo mpaka hotuba ikaisha, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mwalimu Ridha, mkuu wa skuli ya serikali, alikuwa akifuta machozi ya furaha.

"Mzee Suhail," alisema, "Jumatatu una shughuli gani? Nina madarasa hayana walimu."

Hapo ndipo Suhail alipozindukana. Akakitazama kifuniko mkononi, akazitazama safu zilizonyooka, akamtazama Pandu aliyenyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa amefungua skuli juu ya baraza la mtu aliyeikataa skuli, tena siku ya hitma yake.

"Bi Mwanamize," alisema kwa sauti ndogo, "nimemtia aibu marehemu. Mpe Hafiz baraza."

Bi Mwanamize alitokea mlangoni, ncha ya kanga mdomoni kwa kicheko.

"Aibu gani? Mie nilidhani amerudi. Kifuniko chenyewe ndicho hicho, tazama kilivyobonyea. Redioni alikuwa mpole. Hapa alikuwa na zamu za kufagia na adhabu ya wanaochelewa, na hao wanaochelewa wakilala chumba cha pili. Asya wetu alitoroka, nikamkuta skuli, darasa la nne, amelala fofofo. Akanambia, 'Mama, huku ndiko kupumzika.'"

Machozi ya Mwalimu Ridha yakakauka.

"Baraza ni lako," Bi Mwanamize alimwambia Suhail. "Hafiz alete magunia, watoto wayakalie."

"Na wajukuu zako utaniletea?"

"Jioni. Asubuhi waache wakapumzike."

Suhail akakigonga kifuniko kuwaruhusu watu kula. Mikono yote ikaenda siniani, isipokuwa ya Pandu. Yeye alikuwa keshapotelea upande wa chooni, bila ruhusa ya mtu, kama marehemu alivyofundisha.