Mpango Alioubadilisha Desmond Tillery

Desmond Tillery alipofika Toledo alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mji mzima ulikuwa umeshampenda kabla hajashuka kwenye ndege. Alikuwa kwotabeki wa mpira wa Kimarekani, yule anayeshika mpira kwanza na ambaye ndani ya sekunde tatu lazima aamue amrushie nani. Timu yetu ilikuwa imekaa miaka kumi na mmoja bila mrushaji wa maana. Mimi, Stan Hruska, nilikuwa kocha wa warushaji, na kuanzia siku ile kazi yangu ilikuwa ni yeye tu.

Alitoka Dothan, Alabama, kwenye mashamba ya karanga, na kipaji kama chake sijakiona tena. Alikuwa anakimbia pembeni huku mabeki wanamfukuza, anaurusha mpira yadi hamsini bila kusimama, na mpira unamfikia mwenzake kifuani. Kocha mkuu wa wakati ule, mzee Bert Odom, alimtazama mazoezini wiki moja, kisha akaniambia tumweke benchi mwaka mzima. Alitaka kijana ajifunze kwanza kuwasoma mabeki. Tena alitaka muda wa kutafuta watu wa kumlinda, maana ukuta wetu, yale majitu matano yanayosimama mbele ya kwotabeki, ulikuwa hovyo kabisa.

Meneja mkuu, Whit Gurley, hakutaka hata kusikia neno benchi. Yeye ndiye aliyemchagua kijana, picha yake alikuwa ameitundika kila daraja la mji, na watu walikuwa wamejaza uwanja ili wamwone Tillery. Wiki ya tatu ya msimu aliniita ofisini, Odom hayupo, akaniuliza kama kijana yuko tayari. Nilijua hayuko. Lakini nilijua pia Gurley anataka jibu gani, na Odom alikuwa tayari anaonekana kama mtu wa kuondoka. Nikamwambia yuko tayari.

Jumapili ile Gurley akalazimisha achezeshwe, na Desmond aliangushwa mara tisa. Mara ya mwisho alichelewa kuinuka, na alipoinuka, kwa kizunguzungu, alielekea benchi ya wapinzani. Odom alilalamika mbele ya waandishi wa habari, na kufika Desemba alikuwa amefukuzwa. Mimi nilibaki.

Kocha wa pili alikaa msimu mmoja na nusu. Alikuja na kitabu chake cha mipango na lugha yake, hivyo mambo aliyokuwa Desmond ameyazoea yakapewa majina mapya. Wa tatu, Dale Pruitt, alikuja na kitabu kingine kinene zaidi. Pruitt alikuwa mtu wa saa na mistari. Alimkataza kijana kukimbia pembeni, jambo lile lile lililomleta kwetu. Akitoka nje ya ulinzi wake bila ruhusa, alikuwa anatolewa.

Kufika mwaka wa nne, miguu ya Desmond ilikuwa haitulii. Nilikuwa nikiangalia video za mechi naona macho yake yako kwa wanaomjia, hayako kwa wadakaji wake. Mashabiki wale wale waliompokea kwa vigelegele walikuwa wanamwambia arudi kwao akang'oe karanga. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliweka uma chini akaniambia, taratibu tu, kana kwamba anasimulia habari ya mtu mwingine:

"Kocha, nikishika mpira nasikia watu watatu wananisemesha kwa pamoja. Odom anasema subiri, yule mwingine anasema rusha, Pruitt anasema usiende popote. Nikija kujisikiliza mwenyewe, nishaangushwa."

Nilimwambia atazoea. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mwaka.

Mechi ya mwisho ya msimu ule tulicheza nyumbani na Louisville, mwezi wa Januari, upepo wa ziwani ukikata masikio. Aliyeshinda angeingia mtoano, aliyeshindwa angekwenda nyumbani. Asubuhi yake Gurley alitukuta mimi na Pruitt kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, akasema tukifungwa, Tillery anaondoka. Akaenda zake kunywa kahawa.

Ndani ya helmeti ya kwotabeki kuna redio ndogo. Kocha anamtajia mpango, yeye anasikia lakini hawezi kujibu, na zikibaki sekunde kumi na tano za kuanza mchezo sauti inakatika. Siku ile aliyekuwa akizungumza ni Pruitt, naye hakunyamaza hata kidogo. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma, kumi na saba kwa tatu. Beki wao mmoja mkubwa, Tre Batiste, alikuwa amemwangusha Desmond mara nne, na kila mara alimnyooshea mkono amsaidie kusimama huku akimtania. "Dogo, lala tu mapema. Baridi hii ya nini?"

Kwenye chumba chetu Desmond alikaa amejifunika taulo kichwani. Pruitt aligombeza ukuta, akagombeza wadakaji, mwisho akasimama mbele ya lile taulo akasema mambo ambayo sitayarudia. Gurley alikuwa mlangoni, anatazama. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni kule kuona taulo halitikisiki. Nilimfuata Pruitt nikamwomba niongee mimi kwenye redio.

Alinitazama, kisha akamtazama Gurley. Nadhani aliona amepata mtu wa kubebeshwa lawama.

"Haya, chukua," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Tukifungwa, ni wewe na yeye."

Kipindi cha pili nilimtajia mipango michache tu, ile mifupi aliyoipenda tangu chuoni, na majina nikayataja kama alivyofundishwa na Odom. Halafu nilikuwa namwachia kimya. Mara ya tatu tuliposhika mpira nikamwambia, "Toka kulia, Des. Ukiona njia, kimbia, usimwulize mtu." Alitoka kulia, akapita mabeki wawili, akarusha, mdakaji akaudaka mwisho wa uwanja, na tukapata pointi saba. Robo ya nne tukaongeza tatu. Ikawa kumi na saba kwa kumi na tatu. Batiste alikuwa ameacha utani, anahema mikono magotini.

Ilibaki dakika moja na sekunde kumi, na sisi tuko mbali na mwisho wa uwanja. Desmond aliuvuka uwanja kama mtu anayekwenda dukani, hapa yadi kumi, pale kumi na tano. Miguu ilikuwa imetulia. Tulifika yadi nane, zikabaki sekunde sita, tukaomba kusimamisha saa. Hapo nikahisi mkono kichwani kwangu. Pruitt alikuwa ananivua vifaa vya redio.

"Niachie sasa," akasema.

Aliagiza mpira urushwe kona ya kushoto, kwa Colby Raines, mdakaji wetu mrefu kuliko wote. Timu ikajipanga. Nikaona mabeki wawili wa Louisville wanasogea kushoto, polepole, kumzunguka Raines. Redio ilikuwa imekatika. Desmond naye aliwaona. Aligonga helmeti yake mara mbili kwa kiganja, akawapigia wenzake kelele, akaugeuza mpango mzima kuelekea kulia.

"Anafanya nini huyu?" Pruitt akauliza, ananiuliza mimi.

Mpira ukaanza. Desmond akakimbilia kulia, Batiste nyuma yake, mkono wa Batiste umeshashika jezi. Akaurusha akiwa anaanguka. Jonah Fitch, mdakaji wetu mwingine, alikuwa amesimama mwisho wa uwanja peke yake, hakuna beki hata mmoja karibu naye. Mpira ulimfikia tumboni, ukagusa viganja vyote viwili, ukaanguka kwenye majani.

Muda ukawa umekwisha. Fitch alipiga magoti, paji la uso chini. Desmond aliinuka, akaenda mpaka pale, akachuchumaa karibu naye, wakakaa hivyo mpaka Louisville walipomaliza kushangilia.

Jumatatu tuliitwa ofisini kwa Gurley, Pruitt, Desmond na mimi. Pruitt alisema kwa kifupi kwamba alitoa mpango, kijana akaukaidi, na sasa timu iko nyumbani. Gurley akanigeukia.

"Stan, wewe ulikuwa pale. Alikaidi, hakukaidi?"

Nilijua anataka jibu gani. Lilikuwa kama swali lile la msimu wa kwanza, kwenye kiti kile kile. Nikamwomba aweke video. Nikamwonyesha kushoto, wale wawili waliomzunguka Raines, kisha kulia, Fitch peke yake.

"Angeutupa kule alikoagizwa, wangeudaka wao," nikasema. "Aliona jambo ambalo sisi benchi tulikuwa hatujaliona. Hiyo ndiyo kazi ya kwotabeki. Fitch mikono ilimganda, basi."

"Kwa hiyo kosa ni la kocha," Gurley akasema.

"Kosa lilianza na mimi. Mwaka ule wa kwanza uliponiuliza kama yuko tayari, nilijua hayuko. Nilikudanganya kwa kuwa ndivyo ulivyotaka kusikia."

Pruitt alicheka kidogo. Gurley hakucheka. Desmond ndiye aliyenitazama, muda mrefu, mpaka nikashindwa kumtazama. Hakuwa anajua. Alikuwa amenipa miaka minne akiniamini kuliko wote pale ndani. Akainuka, akachukua koti lake, akatoka bila kuaga mtu.

Ijumaa nilipewa barua ya kuachishwa kazi, na mwezi Machi yeye akaachwa huru. Magazeti yaliandika kwamba kipaji kilipotea kwa ukaidi. Nilimpigia simu mara nyingi, hakupokea.

Aliyenipigia mimi ni mzee Odom, ambaye wakati huo alikuwa kocha mkuu wa Omaha. Hakuniuliza habari zangu.

"Mkono wa kijana bado upo?" akasema.

"Upo. Miguu ndiyo ilikuwa inaogopa, na hata hiyo ilitulia mwishoni."

"Basi namchukua. Ila hachezi mwaka huu, na mtu asinipigie kelele."

Huko Omaha alikaa benchi msimu mzima nyuma ya mkongwe wa miaka thelathini na minane, akajifunza kitabu kimoja tu. Wenye timu walimwacha Odom afanye kazi yake. Mwaka wa tatu waliingia nusu fainali. Desmond aliichezea timu ile miaka tisa, chini ya kocha mmoja. Toledo katika muda huo walibadilisha makocha wanne na makwotabeki sita. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shule ya sekondari Sandusky, na nipo huko mpaka leo.

Mwaka wake wa sita kule alinitumia tiketi, bila maneno. Niliendesha gari siku mbili. Baada ya mechi alinipeleka kula nyama ya kuchoma, akanihadithia habari za binti yake aliyeanza kung'oka meno, na jinsi Odom anavyosinzia kwenye ndege. Ya Toledo hakuyagusa, nami sikuthubutu kuyagusa. Hakusema amenisamehe. Tulipotoka nje theluji ilikuwa inaanguka, akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanisaidia kukwangua barafu kwenye kioo, akaniambia niendeshe polepole nikivuka mto, daraja lina utelezi.