Mianya ya Uti Wangu

Jana usiku, nilipokwisha kusoma nyiradi zangu na kulalia ubavu wa kulia, niliota nimesimama kuswalisha ndani ya mgongo wangu mwenyewe.

Sikustaajabu. Ilikuwa alasiri, na jua lilipenya nyamani kama linavyopenya kitambaa chekundu. Nyuma yangu zilijipanga pingili za uti, nyeupe, zenye adabu. Baina ya kila pingili na jirani yake palikuwa na mto laini uliojaa maji.

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa imamu. Ulimi ukaitangulia akili.

"Nyosheni safu," nikasema. "Zibeni mianya."

Pingili zikatii. Zikasogea bega kwa bega, na mito ikaminywa.

"Maalim Shekue, una wazimu?" ikauliza sauti.

Safu haipo tena. Nimeketi katika chumba kisicho na mlango, mbele ya bibi kizee wa duara, anayeng'aa kama tone la mafuta juu ya mchuzi.

"Mimi ni seli," asema. "Nakaa ndani ya mto wako wa kiunoni, baina ya pingili ya nne na ya tano. Damu haifiki huku. Chakula hupenya ukutani tone kwa tone. Sikuwahi kulalamika, mpaka siku ya maziko ya Bwana Kassimu."

Naikumbuka. Watu walipokezana jeneza, kama ilivyo desturi. Mimi sikulitoa begani tangu nyumbani hadi makaburini.

"Walikusihi, 'Lete tukupokee, Maalim.' Ukajifanya hujasikia."

"Marehemu alikuwa rafiki yangu."

"Rafiki yako alikuwa na kilo tisini na saba. Ukuta wangu ulipasuka, nikapiga ukelele kuomba msaada. Basi tazama msaada wenyewe."

Natazama. Askari wa mwili wamejaa chumbani, wameshika mienge ya moto, na kila mmoja ana uso wangu. Wanabomoa ukuta kwa meno. Kila wanapong'oa kipande, husema, "Samahani."

"Nani kawaita?" nawauliza.

"Yeye," wajibu.

"Na nani kawaamuru kubomoa?"

"Tunasafisha."

Kipande chadondoka, bibi apiga ukelele, askari kumi zaidi waingia, wote mimi.

"Nyamaza, bibi, wasije wengine."

"Siwezi. Ukuta ukibomoka nalia, nikilia wao huja. Matabibu wenu huuita moto huu mchochota. Sisi twawaita wageni." Akashusha sauti. "Tulikuwa arobaini nyumba hii. Hebu sikiliza."

Nikasikiliza. Hapakuwa na pumzi nyingine ila yake.

"Nifanyeje waondoke?"

"Utupunguzie mzigo, pengine moto utapoa. Tabibu alikupa ruhusa uswali kwa kuketi. Mwezi wa nne huu unarukuu mbele za watu huku umeuma meno."

"Watasema Maalim amekwisha."

"Ninayekwisha ni mimi."

Maneno hayo yalinichoma. Nikafungua kinywa nimpe ahadi, lakini kikatoka kile kilichozoea kutoka.

"Zibeni mianya."

Huko nje pingili zikatii. Dari likaanza kushuka. Askari wakasema samahani kwa sauti moja. Bibi alinitazama bila hasira.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" akauliza, na dari likamfikia.

Niliamka alfajiri. Mgongo haukuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikatawadha, nikavaa kanzu aliyonishonea mke wangu, Bi Thureya, kwa kipimo cha juu ya vifundo vya miguu.

"Ya leo mpya," akasema. "Waburura kanzu kama bwana harusi. Hebu simama wima."

"Nimesimama."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akapiga magoti, akaweka kidole kwenye upindo. Ulikuwa umevifunika vifundo na kushuka wanda mmoja, upana kamili wa kidole chake.

"Kanzu hairefuki, Maalim," akasema taratibu.

Nikamwomba kiti chake cha jikoni, na mtu wa kukibeba hadi msikitini.