Nguzo za Stesheni

Basi la kutoka Habaswein lilimtua Ebla mjini Garissa akiwa hoi, magoti yanamuuma. Miaka sitini na mitatu si mchezo. Akaenda moja kwa moja kwa Korane, muuza mbao. Alisikia Korane amenunua nguzo za stesheni moja ya zamani huko bara, na kesho anazipiga randa.

Reli haikuwahi kuwafuata wafugaji wa Wajir, basi wao waliifuata kwa miguu, majuma mazima, wakiswaga ng'ombe. Stesheni ilikuwa na kuta za mawe ya kuchongwa, mteremko wa kupakilia mifugo, na baraza ndefu iliyobebwa na nguzo kumi na mbili za mvule. Aliyefikisha mifugo salama alipasha chuma moto akaichoma nguzo alama yake, ile ile ya ng'ombe wake, kabla ya kurudi kwao. Safari moja, alama moja. Wakubwa wa reli walikemea mpaka wakachoka.

Guleid, babake Ebla, alifika huko mara nne pamoja na nduguye Abdille. Mara ya tano ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, Abdille anaumwa, naye Guleid akaondoka peke yake na ng'ombe wa jamaa wote. Hakurudi. Ikasemwa amewauza stesheni, akapanda gari moshi, akaoa kwingine. Mama aliyaamini hayo mpaka kaburini. Ebla pia aliyaamini, maana lisemwalo lipo. Alipojifungua kifungua mimba alikataa katakata aitwe Guleid.

Sasa alitaka kuiona alama ya tano kwa macho yake, halafu apumzike.

"Eedo, hii miti iko chafu, imechomwa kila mahali," Korane alimwonya, akimheshimu kama shangazi yake. Hata hivyo akamgeuzia moja moja.

Ya saba ndiyo iliyokuwa na ndoano na nukta mbili, alama ya ng'ombe wa babake. Ebla akapitisha kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Chini yake mti mtupu. Akaomba igeuzwe upande wa pili, kisha akakagua zote zilizosalia, na jasho linamtoka. Hakukuwa na ya tano.

Kwa hiyo hakufika. Alibaki njiani na ng'ombe wake, mahali fulani penye kiu, na hakuna aliyekwenda kumtafuta kwa sababu wote walikuwa wakimlaani. Ebla alikaa juu ya mbao. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, na alijionea aibu.

Korane aliuliza kama amepata alichokitaka.

"Hii moja usiipige randa," Ebla alisema.

Kisha akainua mikono akamwombea babake rehema, dua ambayo hakuwahi kumwombea. Alipomaliza, akairudia kwa niaba ya mama.