Gari la Ryoba Lagoma Kuvuta

"Ifahamike kwa wakazi wote wa Musoma, Bunda na Butiama, waliopo na watakaozaliwa, kwamba leo hii, mbele ya jopo la wataalamu, yatafanyika Mashindano Makuu ya Kuvuta, na mshindi ataingia katika historia ya mkoa huu kwa mlango wa mbele!"

Mniko alilitoa tangazo hilo akiwa juu ya boneti ya gari la baba yake, mkono kifuani, kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu wa shule yao ya bweni. Waliohudhuria ni kuku wawili na mbuzi mmoja aliyekuwa akitafuna kamba iliyosalia ya turubai. Mbuzi alisikiliza mpaka mwisho, akanya, akaendelea na kamba.

"Shuka huko," mama yake, Flora, alisema kutoka jikoni. "Wageni kutoka Mugeta wamefika."

Alishuka. Hakuwa na furaha wala huzuni. Tangu mkuu wa shule alipomwita ofisini na kumkalisha kwenye kiti cha wazazi ampe habari ya kifo cha baba yake, Mniko alikuwa kama ufizi uliopigwa sindano ya ganzi: jino linang'olewa, mlio wake unausikia, lakini ni kama linang'olewa kwa jirani. Msibani aliwavunja mbavu binamu zake kwa kuigiza jinsi kila shangazi anavyolia. Likizo ilipofika alikuta kaburi nyuma ya nyumba limeanza kuota nyasi. Akaziangalia kama nyasi nyingine zozote za Kiabakari.

Gari la marehemu Ryoba lilikuwa la Kiingereza, refu, lenye umri wa kumzaa Mniko na chenji ikabaki. Kwa gari hilo Ryoba alivuta malori yaliyonasa kwenye udongo mweusi, akavuta mashine za kusaga, na safari moja akavuta kengele ya kanisa kutoka Musoma, ikalia njia nzima hadi watu wakadhani askofu anapita. Siku hizi kuku walitaga ndani yake. Sponji ya kiti cha dereva ilikuwa imebonyea upande wa kulia, upande aliouegemea Ryoba akichungulia dirishani kuangalia mzigo wake wa nyuma. Kila asubuhi Mniko alimfukuza kuku kwenye kile kiti. Yeye mwenyewe hakukikalia.

Wageni walikuwa kikundi cha wafugaji. Walitaka gari moja la kuvuta tanki la maji hadi malishoni wakati wa kiangazi, na walikuwa wamebakiza mawili ya kuchagua: hili, na la Magige, muuza mbao wa Bunda. La Magige lilikuwa la Kijapani, lenye ule mkonga unaopanda ubavuni hadi juu ya paa ili injini ipumue hata mto ukifika kiunoni. La Ryoba likishinda, lingeondoka leo hii. Flora alishakubali. Turubai la kulifunikia alishalikunja na kuliweka stoo.

Wafugaji hawakuanza na injini. Walilizunguka kila gari kama maksai mnadani. Mmoja alilipiga la Ryoba ubavuni kwa kiganja akasikiliza, mwingine akachutama aone limesimamaje miguu ya nyuma.

"Mifupa mikubwa," alisema Mzee Alfonsi, mwenyekiti wao. "Ila limekonda."

"Langu linavutaga mbao hata masika, mzee," Magige alisema. "Na spea zipo kila duka. Hilo la marehemu, Mungu amrehemu, spea zake zinaombewa novena."

"Lako likiugua linataka mtu wa kompyuta," alijibu Clementi, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye angeliendesha la Ryoba. "Hili ni nyundo na waya tu."

"Na novena."

"Hata wewe utasali, ukifika korongoni."

Mniko alijitokeza na kuinamisha kichwa. "Wazee wangu, shikamooni. Naomba nipewe heshima ya kuweka mawe kwenye magurudumu ya tela."

"Marahaba. Kijana ana adabu huyu," Mzee Alfonsi alimwambia Flora. Flora alimtazama mwanawe kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Tela lilikuwa la kikundi, na tanki lake lilikuwa limejaa. Kazi ilikuwa kulitoa chini ya korongo, kwenye tope, hadi juu kwenye mwembe uliokatwa. La Magige lilianza. Liliweka gia nzito, likakoroma, likateleza kidogo kushoto, kisha likapanda na tanki lake kama mtu aliyebeba ndoo asiyetaka imwagike. Watu wakapiga makofi. Magige akaliacha tela lishuke taratibu kinyumenyume hadi pale pale topeni, akalifungua, akaondoka akipungia mkono hadhira.

Mniko alichutama nyuma ya tela kuweka mawe. Hapo, chini ya tanki, kulikuwa na mkono wa breki uliofichwa na gunia. Alikuwa ameuona tangu asubuhi. Aliuvuta juu hadi ukasema ka, ka, ka, akashusha gunia, akasimama na kujifuta mikono kwa utulivu wa padri baada ya komunyo. Hakusikia hata moyo kwenda mbio. Kule shuleni, alipokuwa akifunga sabuni ya walimu kwenye kamba ya kengele, moyo ulikuwa unadunda mpaka masikioni. Leo kimya.

Clementi alifukuza kuku, akakaa, akaliwasha. Gari la Ryoba lilinyoosha cheni. Likanguruma. Magurudumu yake yakachimba, yakatupa tope hadi kwenye kofia za wafugaji. Tela, lililozama nusu gurudumu, halikusogea. Clementi alipumzika, akajaribu tena, akajaribu na ya tatu, na injini ikazima yenyewe kwa mtikisiko mmoja, kama mtu anayemeza kitu.

Mniko alisubiri kucheka kwa wafugaji. Alikuwa ameshaandaa na uso wa kukasirika.

Hawakucheka. Mzee Alfonsi alivua kofia.

"Baba yangu alikuwaga na maksai mwekundu," alisema taratibu. "Mkubwa, mwenye nguvu kupita wote. Baba alipokufa tukamfunga nira, akalala kwenye mtaro. Tukampiga, hakuamka. Bibi yangu akasema mwacheni, anamlilia bwana wake. Tukamwacha nyumbani." Aligeuka kwa Flora. "Mama Mniko, hatuwezi kulichukua hili. Lina msiba."

Wengine nao wakavua kofia. Hata Magige alivua, akaishika kifuani na mkonga wake nyuma yake. Mashindano Makuu ya Kuvuta yakageuka matanga.

"Kijana," Mzee Alfonsi alisema. "Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Lishike. Liambie baba amelala salama, lisihangaike."

Hili halikuwamo kwenye mpango. Mniko alisogea. Alikuwa na hotuba kwa kila tukio duniani: kufiwa na kalamu, mazishi ya panya wa bwenini, kuagwa kwa ugali ulioungua. Akaweka kiganja kwenye boneti. Bati lilikuwa la moto kweli, joto likapita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, na yeye hakuondoa mkono. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Inatosha, mwanangu," mzee alisema. "Limesikia."

Wakalifungua gari la Ryoba, wakalisukuma pembeni kwa upole, wakiongea kwa sauti ya chini. Magige akarudisha lake ili alitoe tela korongoni, waondoke. Mniko alitaka kuwahi nyuma ya tanki, lakini Mzee Alfonsi alikuwa bado amemshika bega, akimfariji.

La Kijapani likanyoosha cheni. Likanguruma. Likachimba. Tope likapanda hadi kwenye mkonga. Tela halikusogea.

Magige akajaribu tena. Kisha akazima, akatoa kichwa dirishani.

Mzee Alfonsi alilitazama gari hilo. Akavaa kofia yake.

"Na hili nalo," aliuliza, "linamlilia nani?"

"Mimi nipo, mzee!" Magige alipaza sauti. "Hata mafua sina!"

Korongo zima lilipasuka kwa kicheko. Clementi alikaa chini. Flora peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe, ambaye alisimama wima, vidole vimefumbatana, na uso wa mtakatifu wa kwenye kalenda. Uso huo aliujua tangu siku ya chura kwenye mkoba wa katekista.

"Mniko."

"Naam, mama."

"Umefanya nini?"

Kicheko kilikatika kipande kipande. Mniko aliangalia gari la baba yake. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye kiti Clementi hakuwa ameacha alama yoyote. Sponji ilikuwa imebonyea pale pale, upande wa kulia. Alitafuta sauti ya mwalimu wa nidhamu. Iliyokuja ilikuwa nyembamba, na ilikuwa yake.

"Breki ya tela," alisema. "Nimeivuta mimi. Ipo chini ya gunia." Akamgeukia Mzee Alfonsi. "Gari halina msiba wowote, mzee. Linavuta vizuri tu. Aliyegoma ni mimi."