Cyrus Alirudi Kuvuna

Cyrus alipokwenda Voi kufungua karakana ya kuchomelea vyuma, alimwambia mkewe Fridah kwamba ataonekana kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni alionekana. Baadaye ikawa ni simu tu, halafu hata simu zikaanza kuwa za kubabaisha.

Fridah akabaki kijijini Mahoo na mama mkwe wake, Tryphena, pamoja na mizabibu waliyoipanda yeye na Cyrus mwaka waliooana, wakati majirani wote walikuwa kwenye ndizi na nyanya na wakiwaona wao vichaa.

Zabibu zilipoiva, akampigia.

"Zikingoja zitapasuka, Cyrus. Peke yangu sitaweza."

"Nakuja."

Akaja kweli. Waliingia shambani alfajiri, kabla jua halijazipasha zabibu moto, wakakata vichala mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Wakatoa vikonyo, wakazimwaga zabibu kwenye pipa pana, wakaosha miguu na kuingia kuzikanyaga. Maji ya zabibu nyeusi hutoka bila rangi ya maana. Wekundu wote umo kwenye maganda, ndiyo sababu huachwa yaloweke humo humo. Fridah aliteleza. Cyrus akamdaka kiunoni na hakumwachia haraka, na siku nzima Fridah aliusikia ule mkono pale pale.

Pipa likaanza kuchachuka, likitoa povu na joto. Maganda yalipanda yakajifunga juu kama kifuniko kizito, na yasiposukumwa chini waini hugeuka siki. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni walisimama pamoja na mti wao wa kusukumia, wakipokezana, wakipiga soga. Cyrus alikula kimanga cha muhogo na maharagwe akaongeza sahani. Akatengeneza mlango wa banda la kuku bila kuombwa. Kulala alilala sebuleni, eti asimsumbue kwa kikohozi. Fridah akajiambia ni aibu tu, itamtoka. Akaenda sokoni Taveta akanunua shuka mpya.

Siku ya kukamua, walichota maganda wakayatia kwenye mashine ya mbao aliyoiunda Cyrus mwenyewe. Akazungusha mpini, waini ikatiririka ndooni, nyekundu ya kukolea. Kisha akasimama.

"Fridah, nina neno, na kila siku naliahirisha."

"Sema."

"Kuna mtu Voi. Anaitwa Nduku. Tuna mtoto."

Fridah alikuwa ameshika ndoo. Waini ilikuwa inakaribia kufurika.

"Lete ndoo nyingine," akasema. Cyrus akaleta.

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Uliniita. Singeacha zabibu zioze."

"Hapana," Fridah akasema. "Zabibu hukuziacha."

Wakamaliza kukamua, kwa maana kazi ile haiachwi katikati. Cyrus alinawa mikono, akachukua begi lake, akaenda zake kabla ya chakula.

Fridah akamfuata Tryphena, aliyekuwa ameketi kibarazani akichagua maharagwe.

"Mama, ulijua?"

Vidole vya mama mkwe vikasimama juu ya ungo.

"Alinionyesha mtoto kwenye simu siku aliyofika. Nikamwambia akwambie, la sivyo nitakwambia mimi. Halafu nikakusikia unacheka kule kwenye pipa. Tangu lini nilikuwa sijakusikia ukicheka? Nikashindwa, mwanangu. Nisamehe."

Fridah alikaa sakafuni, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, maharagwe yakamwagika na hakuna aliyeyaokota.

Waini ilitiwa kwenye matangi madogo ikatulia. Fridah aliihamisha peke yake mara kwa mara, akiacha mashapo chini, na moyoni alikuwa akiomba iharibike. Iwe siki, aimwage mferejini, yaishe.

Mwezi wa Agosti alichota kidogo kwa kikombe. Akaionja, akaizungusha mdomoni, akaimeza.

"Vipi?" Tryphena akauliza kutoka mlangoni.

"Nzuri," Fridah akasema. "Mama, ni nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza."

Akalia kwa nguvu, ameegemea ukuta, kikombe bado mkononi. Tryphena akaingia, akamshika mabega, wala hakumwambia anyamaze.