Mshale wa Bondeni

Kwa Frednand, mtaro wowote uliishia kwenye mshale. Huko pwani alikofanya kazi, miaka nenda rudi alipanga mitaro ya kuondoa maji ya mvua mjini, na mwisho wa kila mchoro aliweka mshale wa bluu ulioelekea baharini. Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Ardhi ya kule ni tambarare, maji yakituama yanakaa wiki nzima kama mgeni asiyejua kuaga, na bahari ikijaa inayarudisha mitaani. Kwa hiyo maisha yake yote ya kazi alikuwa akiyabembeleza maji yakimbie. Alitaka saruji laini, kona chache, njia iliyonyooka. Yakishafika baharini, yeye alikuwa amemaliza kazi yake.

Alipokuja likizo nyumbani Kirushya, kijiji cha milimani, mama yake, Bernadetha, hakumwacha hata apumue. Tangu barabara ya mlimani ichongwe upya, kila mvua iliponyesha maji yalishuka nayo, yakaingia uani, yakapita migombani. Sasa yalikuwa yameanza kula udongo wa kaburi la marehemu Xavery, baba yake Frednand. Kaburi lilikuwa humo humo migombani, nyuma ya nyumba, na pembeni yake palikuwa na nafasi ambayo Bernadetha alijiwekea mwenyewe. Alikuwa akiipalilia kila wiki, na majirani walishazoea kumtania kwamba kitanda chake kimetandikwa tayari.

"Si wewe umesomea maji?" alimwambia mwanawe. "Baba yako anakaribia kuelea, na wewe umekaa hapo unakunywa chai!"

Frednand alicheka, lakini alipokwenda kuona kicheko kilimkauka. Jioni ile ile alichora. Maji yangekingwa juu ya nyumba, yaingie kwenye mtaro wa mawe na saruji, yashuke moja kwa moja mpaka bondeni. Pale bondeni akaweka mshale wake wa bluu.

Sasa, bondeni kulikuwa na nyumba ya Niragira. Mama huyu alitoka Burundi wakati wa vita, mikono mitupu, na Xavery ndiye aliyemkatia kipande cha shamba akajenga. Hakuwa na mume wala mtoto. Mwaka Bernadetha alipolazwa, Niragira ndiye aliyempikia Frednand, akamwogesha, akampeleka shule. Mtaro ulipaswa kupita kwenye kona ya maharage yake, hivyo Frednand akashuka kumwomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza ule."

Akala viazi. Kisha akaeleza shida yake.

"Pitisha tu," Niragira alisema. "Xavery alinipa pa kukaa. Mimi nitamnyimaje njia ya maji?"

Frednand alishukuru, akanawa mikono, akapanda kwao. Na hapa ndipo mimi huishiwa na maneno. Mtu anakulaje viazi ndani ya nyumba, halafu akaondoka bila kujiuliza nyumba hiyo itakuwaje maji yakifika? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mshale wake ulikuwa umezoea kuelekea baharini, na baharini hakuna anayeishi. Bonde lilipokaa mahali pa bahari kwenye karatasi, hakuona tofauti.

Watu wakajitokeza kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wakachimba, wakabeba mawe. Niragira aliwaletea uji wachimbaji, ndoo baada ya ndoo. Frednand alisimamia saruji mwenyewe, akataka ilainishwe kwa mwiko mpaka ing'ae. Desderius, mwenyekiti wa kitongoji, alipitisha kiganja mle ndani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Injinia, hapa hata mjusi atateleza!"

"Ndivyo inavyotakiwa, mwenyekiti."

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Jumapili, watu wametoka kusali kigangoni. Ilikuwa mvua hasa. Frednand na mama yake walisimama barazani wakaona maji mekundu yakishuka barabarani, yakafika juu ya nyumba, yakageuka na kuingia mtaroni. Uani hayakuingia. Kaburini hayakufika. Bernadetha alipiga vigelegele, akamkumbatia mwanawe, na Frednand akajisikia mtu mkubwa kuliko siku zote alizowahi kusifiwa huko pwani.

Kisha akasikia sauti. Maji ya mitaro yake ya pwani yalitembea, tena kwa uvivu. Haya yalikuwa yakinguruma, na ndani yake mawe yalikuwa yakigongana. Alitazama ule mteremko kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Halafu akakumbuka viazi.

Alikimbia kando ya mtaro, akianguka na kuinuka, na maji yakamwacha mbali. Alipofika chini, mtaro uliishia pale alipouchora uishie. Mbele yake shamba la maharage halikuwepo tena, lilikuwa korongo. Nyumba ya Niragira ilikuwa imelala. Matofali ya udongo yamekuwa tope, mabati yamekunjamana. Mlango peke yake ulikuwa umesimama kwenye fremu yake, umefungwa, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Alilitazama lile komeo, akajua Niragira yumo ndani.

Watu walifika, wakafukua kwa mikono na majembe, na yeye akafukua pamoja nao mpaka kucha zikachanika. Walimkuta chini ya ukuta wa nyuma, kanga ya kanisani bado iko mwilini. Frednand alikaa chini kwenye tope.

"Ni mvua, Injinia," Desderius alimwambia kwa upole. "Ni mvua ya Mungu."

"Mvua zimenyesha miaka yote na nyumba ilikuwa imesimama," Frednand alijibu. "Huu ni mtaro wangu."

Desderius aliinama, akamsaidia kuinuka topeni.

Bernadetha alishuka polepole, kitenge kimemlowa mwilini. Alimtazama rafiki yake pale chini. Mdomo uliokuwa ukipiga vigelegele muda mfupi uliopita sasa ulianza kumwombea. Watu walianza kuulizana azikwe wapi, maana ndugu hana na shamba limekwenda na maji.

"Atalala kwangu, migombani," Bernadetha alisema.

"Migombani wapi, mama?"

"Unapajua."

"Mama, pale ni pako!"

"Palikuwa pangu. Kesho asubuhi uchukue jembe, na asikusaidie mtu."

Asubuhi Frednand alichimba peke yake kando ya kaburi la baba yake, huku watu wakimtazama. Juu udongo ulikuwa umelowa kidogo. Alipozidi kwenda chini, jembe lilianza kutoa vumbi. Maji ya barabarani hayakuwa yamefika pale. Mtaro ulikuwa umefanya kazi yake, na udongo wa kumzikia Niragira ulikuwa mkavu kabisa.