Kofia Pana

Kichwa cha Yost kilianza kusemwa hata kabla kitovu chake hakijakatwa. Mkunga alikishika kwa mikono miwili, akasema, "Huyu atakuwa mhubiri," wanawake wakacheka, na Lavina, mama mtoto, aliyekuwa bado analoa jasho, akacheka nao. Miaka minane baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Mhubiri mwenyewe hakuwa ametamka hata neno moja. Alitembea akiwa na miaka mitatu, viungo vimelegea, na mate yalimshuka mpaka Lavina akawa anamfunga kitambaa shingoni kama mtoto wa mwaka mmoja. Mgongoni alikuwa na vijiuvimbe laini visivyomuuma. Ukimpa vibanio vya nguo atavipanga sakafuni kutoka jikoni hadi mlangoni, vyote vikielekea upande mmoja, na ole wako usogeze kimoja. Atapiga kichwa ukutani mpaka sahani zigongane kabatini.

Jumapili za ibada ndizo zilizokuwa kazi. Tunaabudu majumbani, saa tatu nzima, na nyimbo zetu ni zile za kuvutwa taratibu, wimbo mmoja dakika ishirini. Wakianza tu Yost huziba masikio na kuanza kunguruma, na Lavina humkokota hadi bandani, wakakaa na farasi mpaka wenzao wamalize. Ibada ikiisha wanawake wanamjia na nyuso zao za upole. "Ni mtoto wa pekee wa Mungu, Lavina. Ni zawadi." Naye huitikia ndiyo, ni zawadi. Moyoni alijiuliza ni zawadi gani hii, kila mtu anaisifu na hakuna hata mmoja anayeiomba.

Mama mkwe wake, Fronie, yeye hakuwa na upole wa kupoteza. "Kwetu hakuna kichwa cha namna hii," alikuwa akisema huku akimenya viazi. "Simsemi mtu. Nasema tu kwetu hakuna."

Na kweli kwao hakukuwa. Kilitoka kwa kina Lavina, na Lavina alijua, maana yeye ndiye fundi wa kofia. Kila mwanamke wa kanisa letu katika lile bonde la Pennsylvania alivaa kofia nyeupe ya sala iliyotoka mikononi mwake. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na pasi, pini, na vipande vya karatasi ya kukatia vitambaa. Vipande hivyo vilikuwa vipana kuliko vya makanisa ya jirani. Mama yao alivipanua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, wakati Lavina na mdogo wake Saloma walipokuwa wasichana wenye vichwa vya kutazamwa mara mbili. Alitia marinda zaidi nyuma, akashusha masikio ya kofia, mpaka wanawake wote wa kanisa wakaonekana sawa na vichwa vya wanawe vikapotea humo. Askofu hakuona kitu. Wanaume wanaona ukingo wa kofia ukipungua, hawaoni ukiongezeka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yule mama hata kifo hakikumuumbua. Alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka arobaini na minne, akazikwa na kofia yake kichwani.

Mwezi wa nne mwaka ule, baada ya Yost kuanguka kifafa mara mbili kwa wiki, Crist, mume wa Lavina, alikubali wapelekwe kliniki. Sisi hatuendeshi magari, usafiri wetu ni farasi, kwa hiyo dereva Mwingereza aliwachukua. Waingereza ndivyo tunavyowaita wote wasio wetu, hata kama babu zao walitoka Poland. Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani. Alimpima Yost kichwa kwa utepe, inchi ishirini na tatu, akamminya vile vijiuvimbe, akamgeukia Lavina.

"Naomba uvue kofia."

Mbele ya mtu baki Lavina hakuwa amewahi kuvua kofia tangu utotoni. Alivua. Inchi ishirini na nne. Daktari akaandika, akauliza, "Mama yako alifariki kwa nini?"

Damu ilitolewa, na baada ya wiki tatu wakaitwa tena. Daktari alizungumza polepole, bila kuzungukazunguka. Kuna kosa moja katika maandishi ya mwili, la mama na mtoto ni lilelile. Kwa mwingine linaleta kichwa kikubwa tu. Kwa mwingine kama Yost linachukua na ulimi, na akili, na kumfungia ndani yake mwenyewe. Lakini hata yule aliyepata kichwa tu, mwili wake huotesha uvimbe, shingoni, kwenye tumbo la uzazi, na zaidi kwenye matiti. Ukitazamwa kila mwaka unapona. Usipotazamwa ni bahati nasibu. Wakampima palepale, wakakuta uvimbe shingoni wa kukatwa.

"Una dada?" daktari akauliza.

"Ninaye mmoja."

"Kichwa chake kikoje?"

Lavina hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amemshonea kofia miaka ishirini. "Kama changu," akasema.

Alimwendea Saloma kesho yake, na Yost. Saloma ndiye mtu pekee nje ya nyumba yao ambaye yule mtoto alimfuata. Saloma alikuwa na kikapu cha vibanio alichomwekea Yost tu, na hakumsemesha, alikaa naye sakafuni wakapanga. Siku hiyo walipanga wote wawili huku Lavina akieleza. Alipomaliza, Saloma alikuwa bado ameshika kibanio.

"Nani mwingine anajua?"

"Crist. Basi."

"Fronie?"

"Fronie angejua, si bonde zima lingekuwa limeshajua, hadi farasi?"

Saloma hakucheka. Akanyanyuka, akafunga mlango wa ngazi, akarudi. "Rhoda wangu anaolewa mwezi wa kumi na moja," akasema kwa sauti ya chini. "Na Levi wa askofu. Hakuna anayejua ila sisi na wao. Sasa niambie, dada. Nikienda kliniki leo, kesho dereva atasema alinipeleka wapi, keshokutwa watauliza kwa nini, na Jumapili wanawake watakuwa wanamtazama mwanangu kichwa. Nyumba ya askofu itachukua mke wa kuwazalia kina…" Akamtazama Yost.

"Sema tu. Kina Yost."

"Nampenda Yost kuliko wewe unavyojua. Lakini wao je?"

"Utakufa, Saloma! Mama alikufa!"

"Mama alituficha tukaolewa. Alikaa na pasi usiku na mchana ili tuolewe. Leo wewe ndio unataka kutuvua kofia sokoni?"

Walibishana mpaka maziwa yakafurika jikoni. Mwishowe Saloma akamshika mkono. "Harusi ipite. Ikipita tu, nitakwenda mwenyewe, hata kwa miguu. Usimwambie mtu. Usimwambie Rhoda, wala mume wangu. Niitikie, dada."

Sisi hatuapi. Maandiko yamekataza, na kwa sababu hiyo neno "ndiyo" la mtu wetu lina uzito kuliko viapo vyote vya mahakamani. Mtu akishaitikia, ameitikia. Lavina akasema, "Ndiyo."

Alipokuwa akimvalisha Yost koti, Saloma akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huo uvimbe wa titi, huwa unauma?"

"Wanasema mwanzoni hauumi."

"Aa. Haya."

Lavina alisimama na kifungo cha koti mkononi. Alielewa. Saloma alikuwa nao tayari. Lakini hakuuliza. Kati ya yote aliyofanya na asiyofanya mwaka ule, hilo ndilo atakalolijibu siku ya mwisho, maana alikuwa na mdomo na hakuuliza.

Mwezi wa sita alikatwa uvimbe wa shingo. Ulikuwa umeanza kuharibika, wakasema amewahi. Kanisani walijua ni rovu tu, wakamletea mikate na supu ya kuku. Yeye akala supu huku amekaa na siri ya mdogo wake kooni, mahali palepale walipomshona. Mara mbili alimwandikia Rhoda barua akaichoma jikoni. Mara moja alikwenda hadi kwa shemeji yake zizini, akasimama pale, akaishia kuuliza bei ya majani. Neno lake lilikuwa limemfunga, naye alikuwa mtu wa neno. Nenda kawaambie Waingereza hilo, watakwambia ni ujinga. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Lavina alianza kufikiri kwamba huenda Waingereza wana akili.

Kiangazi Saloma alipanda mistari kumi na minne ya selari, mboga ya karamu za harusi kwetu, na majirani wakapita wakikohoa kwa maana, kwa kuwa mwenye selari nyingi ana binti wa kuoza. Saloma alikonda. "Ni kazi ya harusi," akasema, na kila mtu akakubali, kwa kuwa harusi ni kazi kweli. Mwezi wa kumi na moja alilisha watu mia tatu na hamsini kuku na viazi vya kupondwa, akibeba sufuria kwa mkono wa kulia tu. Rhoda akaolewa. Wiki iliyofuata Saloma alikwenda kliniki, kama alivyosema. Yule daktari wa miwani alimpima. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini na mifupa ya mgongo.

Saloma alikufa mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Baada ya maziko watu walirudi kula, nyama baridi, jibini, pai ya zabibu kavu. Yost alikaa sakafuni katikati ya miguu ya watu akimtafuta mtu wa kupanga naye, akitazama viatu, kimoja kimoja. Lavina hakuweza kumtazama. Akaingia jikoni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha sahani. Sadie, mke wa askofu, mama yake Levi, alichukua taulo akawa anakausha. Ni mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kukaa kimya hata msibani.

"Mama yenu alikuwa fundi, Mungu amrehemu," Sadie akasema. "Lakini kofia zake! Zinanipwaya tangu niolewe. Natia pini sita, na nikiinama bado zinanifunika macho."

"Kwa nini hukuniambia nikupunguzie?"

"Ah, tulishakubaliana. Sisi wa rika langu. Mama yenu alipoanza kuzipanua tuliona, unafikiri hatuna macho? Tukajua ni kwa ajili yenu nyie wasichana na vichwa vyenu. Tukasema, jamani, tuvae tu. Tukivaa wote, watoto wa mwenzetu hawatasimangwa."

Lavina aliacha kuosha. "Mlijua."

"Nani asiyejua kichwa cha ukoo wenu, Lavina? Mume wangu Shem alimkalisha Levi kabla hajaposa. Akamwambia, mwanangu, watoto wako huenda wakawa kama Yost. Levi akamjibu, basi watakuwa watoto wangu kama Yost. Yakaisha. Hata chai haikupoa." Sadie akaweka sahani juu ya nyingine. "Kwa nini umepauka hivyo?"

Maji yalikuwa ya moto na Lavina hakuyasikia. Alitaka kumpiga yule mwanamke kwa wema wake. Miaka ishirini na mitano walivaa kofia zinazowapwaya kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni akasema tunajua, msihangaike. Mama alificha, wao wakamficha kwamba wanajua anaficha, na katikati ya adabu zote hizo Saloma akafa.

"Hamkusema," alisema.

"Tuseme nini? Tungewaaibisha."

Ndipo Lavina akasema yeye. Hakuteremsha sauti. Alisema habari za damu, za kosa linalotoka kwa mama kwenda kwa mtoto, za titi la mama yao na shingo yake mwenyewe. Alisema jinsi Saloma alivyokataa kwenda kliniki mpaka harusi ipite, kwa kuiogopa nyumba ya askofu, na jinsi yeye Lavina alivyoitikia ndiyo mwezi wa nne na kuishika ndiyo hiyo mpaka leo. Wanawake wote jikoni wakaacha walichokuwa wakifanya. Sadie alikalia kiti na taulo mapajani.

Lavina alipogeuka, Rhoda alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Alikuwa na nguo nyeusi, na mimba ya miezi minne ilikuwa imeanza kuonekana.

"Mwezi wa nne," Rhoda alisema.

"Mwanangu—"

"Kliniki wangemtibu? Mwezi wa nne, wangemtibu?"

Lavina angeweza kusema Mungu ndiye ajuaye. Ndivyo tunavyosema. "Huenda," akasema. "Ndiyo. Wangeweza."

Rhoda aliweka trei mezani taratibu, kikombe hakikulia. "Na mimi je? Ninalo?"

"Kichwa chako ni kama cha mama yako. Lazima upimwe, Rhoda. Wewe, na mtoto akizaliwa. Dereva anaweza kuja kesho, nitakwenda nawe, nitakaa nawe."

"Nitapimwa." Alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, utanipeleka?" Sadie aliitika kwa kichwa, machozi yakimshuka. Rhoda akarudisha macho kwa Lavina. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata. "Wewe usije, Mama mkubwa. Mama yangu alikuwa mjinga na hofu yake, haya. Lakini wewe ulikuwa mzima, umeshatibiwa, unakula supu ya watu, na ulikuwa unamwona akikonda."

"Nilimpa neno langu."

"Basi kaa nalo," Rhoda akasema, akatoka.

Jikoni wakaanza kusogea tena mmoja mmoja, mwingine akachukua ufagio, mwingine akafunua sufuria isiyokuwa na kitu. Hakuna aliyemwambia Lavina kwamba ni mapenzi ya Mungu. Chumba cha pili Yost alikuwa ameanza kunguruma, na watu walikuwa wakimpisha, na hakuna aliyejua la kumfanyia.